Kwa Nini Shokapu Ngumu Hushindwa Mapema kwenye Mbio za Barabara ya Vumbi

SWALI: "Shikamoo fundi. Naishi Tabata na nina Subaru Impreza ya mwaka 2004 yenye gia za mkono. Mimi na mdogo wangu, ambaye ndiye atakuwa msoma ramani wangu, tunajiandaa kwa mashindano yetu ya kwanza ya mbio za magari za masafa marefu, siku mbili mfululizo kwenye barabara za vumbi na changarawe. Fundi wetu amekata springi ili gari likae chini lisipinduke, ametufungia shokapu ngumu kuliko zote alizozipata Kariakoo, na ametuambia tujaze upepo wa tairi hadi PSI 45 ili tusipate pancha. Tulikwenda kulijaribu ng'ambo ya Kisarawe, kwenye sehemu yenye mikunjo ya rasta, yaani vile vituta vidogo vinavyofuatana kukatiza njia. Dakika 20 za mwanzo lilikwenda vizuri, kisha likaanza kudunda, nyuma ikawa inahama yenyewe kwenye kona, na usukani ukawa mwepesi kana kwamba tairi hazigusi chini. Tuliposimama, shokapu za nyuma zilikuwa za moto kiasi cha kutoshikika. Tulipofika nyumbani gari lilikuwa limerudi katika hali yake. Fundi anasema tumeuziwa feki, tununue ngumu zaidi, na kwamba tukikimbia zaidi mikunjo haitasikika. Mdogo wangu naye analalamika mgongo tangu siku ile. Je, tununue shokapu zipi, na tutamaliza mbio?"

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umefanya vema kulipeleka gari kwenye barabara ya aina ileile kabla ya siku ya mashindano, kwa sababu wengi huligundua tatizo hili wakiwa wamekwisha kuvaa helmeti na saa inahesabu. Nimeielewa hofu yako hivi: unaogopa kwamba umepoteza fedha kwa vipuri bandia, na kwamba gari litawaacha porini siku ya kwanza. Kutokana na dalili ulizozieleza, sidhani kwamba bandia ndilo tatizo lako kubwa. Shokapu iliyokufa haifufuki kwa kupoa. Zako zilizidiwa na joto, zikapumzika, zikarudi kazini, na hiyo ni tabia ya shokapu iliyopewa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Ukifunga ngumu zaidi huku mengine yakibaki yalivyo, utakutana na jambo lilelile, pengine kabla ya dakika 20 kwisha.

Tuanze na kinachotokea ndani ya shokapu, maana hapo ndipo penye majibu ya karibu maswali yako yote. Watu wengi huamini kwamba shokapu hubeba gari, na kwa hiyo iliyo ngumu hubeba vizuri zaidi. Kinachobeba gari ni springi. Springi ikigandamizwa na jiwe huitunza nguvu ya pigo lile kisha huirudisha, na kama ingeachwa peke yake gari lingeendelea kunesa juu na chini kwa muda mrefu. Shokapu iko pale ili kuinyang'anya springi nguvu hiyo. Ndani yake mna pistoni iliyozama katika mafuta, na pistoni hiyo ina vitundu vyembamba vyenye vali. Kila gurudumu linapopanda au kushuka, mafuta hulazimishwa kupenya katika vitundu hivyo kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayolituliza gari. Nguvu iliyonyang'anywa haipotei bali hugeuka kuwa joto, na joto hilo halina njia nyingine ya kutoka isipokuwa kupitia kwenye mafuta, kisha kwenye bomba la chuma, kisha kwenye upepo unaopita nje. Kwa hiyo shokapu kuwa ya moto si kosa. Ni ushahidi kwamba imefanya kazi. La kuuliza ni kama inaweza kulitoa joto kwa haraka ileile inayolitengeneza.

Kwenye lami inaweza bila shida. Kwenye mikunjo hali ni nyingine, na ningependa uifanye hesabu hii mwenyewe. Tuseme kutoka mgongo wa mkunjo mmoja hadi mgongo wa mkunjo unaofuata ni sentimita 70. Ukienda kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, maana yake kila gurudumu linapigwa mara 24 kwa sekunde. Ukikaa kwenye barabara ya namna hiyo saa nzima, kila shokapu imepokea mapigo zaidi ya 85,000. Joto la mafuta linaweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi, na mafuta yaliyopata joto namna hiyo huwa mepesi, hivyo hupenya kwenye vali bila kuleta upinzani uliokusudiwa.

Kuna jambo la pili, ambalo nadhani ndilo lililokupata. Shokapu nyingi za magari ya kawaida zina mabomba mawili, moja ndani ya jingine, na katika nafasi iliyo kati ya mabomba hayo mafuta na gesi hukaa pamoja bila kitu cha kuvitenganisha. Zikitikiswa kwa kasi hiyo kwa muda mrefu, gesi huingia ndani ya mafuta mpaka yote yanakuwa povu, kama mayai yanavyokuwa yakipigwa uma kwa ajili ya chipsi mayai. Mafuta hayabinyiki, lakini povu hubinyika kwa urahisi, na pistoni inayosafiri kwenye povu haikutani na upinzani wa maana. Dereva huhisi gari limebaki na springi tupu: linadunda, na sehemu ya nyuma ambayo ni nyepesi zaidi huanza kuhama yenyewe. Mkisimama, povu hutulia, gesi hupanda juu, mafuta hurudi uzito wake, na mnafika nyumbani na gari linaloonekana zima. Ndiyo maana kile kipimo cha gereji cha kugandamiza kona ya gari kwa mikono na kutazama kama linanesa hakiwezi kukuonyesha tatizo hili. Kinapima shokapu baridi iliyosimama, ilhali ugonjwa wako huja na joto.

Sasa kuhusu ugumu, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ndipo fedha zenu zinapotaka kupotelea. Shokapu huzuia mwendo wa namna mbili, gurudumu linapopanda na springi inapojinyoosha kulirudisha gurudumu chini. Shokapu za kukimbilia zilizotengenezwa kwa ajili ya lami mara nyingi hukazwa sana kwenye huku kujinyoosha, ili gari lisiyumbe kwenye kona za kasi, na kwenye lami hilo ni jambo zuri. Kwenye mikunjo ni hatari. Gurudumu likishapanda mkunjo wa kwanza lina sehemu ndogo sana ya sekunde ya kushuka kabla ya mkunjo wa pili kufika. Likizuiwa lisishuke kwa wakati, mkunjo wa pili hulikuta bado liko juu, wa tatu hulikuta juu zaidi, na gari huendelea kuzama kwenye magurudumu yake hadi linakalia ule mpira wa kizuizi ulio mwisho wa safari ya shokapu. Kuanzia hapo kila pigo huenda moja kwa moja kwenye bodi, kwenye mauntini za shokapu, yaani pale zinapofungwa kwenye bodi, na kwenye mgongo wa mdogo wako.

Ukiongeza springi zilizokatwa, umekwisha kuifupisha safari hiyo kabla hata ya kuondoka nyumbani. Namwelewa fundi wenu, na hoja yake ina ukweli kwenye lami, kwani gari lililo chini hupinduka kwa taabu zaidi. Lakini kwenye changarawe, gari hupinduka mara nyingi kwa sababu gurudumu limenasa kwenye mtaro wa tairi au kwenye kingo ya udongo huku gari likiteleza kwa ubavu, na gurudumu lisilo na nafasi ya kupanda hunasa upesi zaidi. Tena springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake. Gari likiruka tuta na magurudumu yakaning'inia, inaweza kulegea na kurudi ikiwa imekaa upande. Katika mambo yote ninayokuambia leo, hili ndilo ambalo sina mashaka nalo hata kidogo: ziondoeni springi hizo, mrudishe zenye urefu wa kiwandani au zilizotengenezwa mahususi kwa mbio za changarawe, kabla gari halijapelekwa popote.

Historia ya mbio za Afrika Mashariki inaunga mkono jambo hili. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka iliyofuata ilikuwa safari ya takriban kilomita 5,000, mchana na usiku, kwenye vumbi na matope. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na mwaka 1968 yakamaliza 7 vilevile. Gari lililoshinda miaka yote hiyo miwili lilikuwa Peugeot 404, na kati yake, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapa kwetu Tanzania alishinda mara mbili mfululizo kwa gari la aina hiyohiyo akiwa na Chris Rothwell. Peugeot 404 halikuwa gari gumu. Lilikuwa na springi laini na magurudumu yenye safari ndefu ya kupanda na kushuka, kiasi kwamba liliweza kumeza mashimo ambayo magari yenye nguvu zaidi yaliyapokea kwa kuvunjika. Hata leo, tangu mbio hizo zirejee kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 zikiwa na makao Naivasha, zikiwa na vipande vya ushindani vya jumla ya kati ya kilomita 300 na 400, timu kubwa huyanyanyua magari yao juu kuliko zinavyofanya kwenye mbio za lami na kuyafungia bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi karibu na paa kwa ajili ya maji na vumbi. Hakuna anayekwenda Naivasha na gari lililolazwa chini.

Tufike kwenye ushauri wa kukimbia zaidi ili mikunjo isisikike. Una nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayoufanya uwe wa hatari. Gurudumu pamoja na vyuma vinavyolishika lina mtikisiko wake wa asili, ambao kwa magari mengi ni kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Kwenye mikunjo ya sentimita 70, mwendo wa kilomita 30 kwa saa hulipiga gurudumu mara 12 kwa sekunde, yaani palepale linapopenda kutikisika, na ndiyo maana mwendo huo huwa wa mateso makubwa kuliko yote. Ukiongeza kasi hadi 60 au 80, mapigo huja haraka kuliko gurudumu linavyoweza kuyafuata. Tairi huanza kuparaza migongo ya mikunjo bila kushuka mabondeni, na ndani ya gari panatulia. Utulivu huo una gharama. Tairi inayogusa migongo tu haina mshiko wa kutosha wa kukata kona wala kufunga breki, na huo ndio wepesi wa usukani ulioueleza. Madereva wa mbio huutumia mwendo huo, ni kweli, lakini huutumia kwenye njia iliyofungwa, wakiwa na noti za njia zinazowaambia kona inayofuata iko umbali gani, na wakijua watahitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Nawasihi msirudie jaribio la kasi kwenye barabara ya umma. Barabara zile zina bodaboda, wanafunzi na watu wanaosukuma baiskeli zenye mkaa, na hawajui kwamba nyinyi mko mazoezini.

Upepo wa 45 nao ushusheni. Nia ya fundi ilikuwa kuzuia ile pancha inayotokea tairi likibanwa kati ya jiwe na ringi, na ni kweli upepo mdogo mno huileta. Lakini tairi lililojazwa kupita kiasi huwa gumu, halikunjiki juu ya jiwe lenye ncha bali hulikabili, na hivyo hukatika kwa urahisi zaidi sehemu ya kukanyagia. Vilevile, tairi ndilo la kwanza kupokea pigo. Lisipomeza sehemu yake, sehemu hiyo hukabidhiwa shokapu iliyokwisha kuelemewa. Anzeni na kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, mkikipima asubuhi tairi likiwa baridi, na msitoe upepo wakati tairi lina joto, kwani kupanda kwa namba kutokana na joto ni jambo la kawaida. Uimara dhidi ya pancha utafuteni kwenye tairi lenyewe: tairi la changarawe lenye kuta nene, kwenye ringi ya inchi 15 ikiwa breki zenu zinaruhusu, badala ya ringi kubwa yenye tairi la kuta fupi la kupendeza mjini.

Sasa ununue zipi? Njia ya kwanza, iliyo nafuu, ni shokapu mpya za kiwango cha kiwandani kutoka kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana, pamoja na springi za urefu wa kiwandani na mauntini mpya. Hizi zitachoka kwa joto, lakini zitachoka taratibu zaidi kuliko ulizo nazo sasa kwa sababu zitakuwa na safari kamili, na kwa dereva wa mara ya kwanza anayelenga kumaliza, zinaweza kutosha akizilea. Njia ya pili ni shokapu za bomba moja zenye gesi ya naitrojeni, ambamo pistoni ya pili inayoelea huitenga gesi na mafuta ili povu lisipatikane, na kwa kuwa mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja, joto hutoka upesi. Udhaifu wake ni kwamba jiwe likilibonyeza bomba hilo, pistoni inaweza kukwama, ilhali katika zile za mabomba mawili mbonyeo mdogo wa nje huvumilika. Kwa hiyo zinahitaji kinga ya mawe. Njia ya tatu ni shokapu halisi za mbio, zenye tangi la nje la mafuta ya ziada, zinazorekebishika na kufunguliwa kwa matengenezo. Ni nzuri kuliko zote na bei yake ni kubwa, lakini kinachonifanya nisikushauri uanze nazo si bei peke yake. Zinahitaji mtu wa kuzifungua, kubadilisha mafuta na sili (mipira inayozuia mafuta yasivuje), na kuzijaza gesi kwa vifaa maalumu, na zikirekebishwa vibaya zitakutendea yaleyale yaliyokutokea Kisarawe. Kwa hali yenu ningechagua njia ya pili, zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya changarawe na si kwa ajili ya lami, na kama fedha haitoshi ningekwenda na ya kwanza bila aibu yoyote.

Kuna mambo mawili mtakayoshawishiwa kununua nami nayakataa. Shokapu za mtumba kutoka Japani zinaweza kuhudumia gari la kwenda kazini Posta na kurudi, lakini hakuna anayejua sili zake zimebakiza nini, na mbio si mahali pa kulitafuta jibu. Na vile vipande vya kunyanyulia gari vinavyowekwa juu ya shokapu huongeza kimo tu. Safari ya shokapu hubaki ileile, huku viungo vya ekseli vikilazimishwa kufanya kazi kwenye pembe kali zaidi.

Kabla hujanunua chochote, pima. Nyanyua kifuniko cha mpira cha shokapu, chukua kebo tai nyembamba ya kufungia nyaya, uizungushe kwenye fimbo ile inayong'aa, uikaze kiasi cha kuteleza kwa kusukumwa na kidole, kisha uishushe hadi iguse kichwa cha bomba. Endesha kwa mwendo wa kawaida kwenye njia ya vumbi kilomita chache, halafu utazame. Shokapu inapobinywa huisukuma kebo tai juu, na inaponyooka huiacha palepale ilipofikia. Ukiikuta imegota kwenye mpira wa kizuizi wakati mlikuwa mnakwenda polepole, basi gari halina safari, na hakuna shokapu itakayoliokoa. Ikiwa imebakiza sentimita kadhaa, mna nafasi ya kufanyia kazi. Mkiwa hapo, chukueni rangi ya kucha yenye rangi kali mkachore mstari mmoja unaotoka kwenye kila nati ya miguu ya gari kuvuka hadi kwenye chuma kinachoshikwa na nati hiyo. Mtikisiko wa mikunjo hulegeza nati bila kelele, na mstari uliokatika huonekana kwa tochi usiku hata na mtu aliyechoka. Wakati huohuo tazameni bushi, boljointi, na zile sehemu za bodi ambapo mauntini zinafungwa. Ufa mwembamba kwenye rangi pale ni habari nzito kuliko shokapu inayovuja.

Uendeshaji nao huamua joto. Kwenye shimo, fungeni breki kabla ya kulifikia na muiachie kabla tairi halijaingia, kwa sababu breki hulaza pua ya gari na kuimaliza safari ya shokapu za mbele kabla ya pigo lenyewe kufika. Kwenye mikunjo tafuteni ukingo wa njia pale palipo salama, kwani mara nyingi katikati ndiko kulikoliwa zaidi. Gari likianza kudunda, punguzeni mwendo kwa dakika kadhaa hata kama inauma; muda mnaoupoteza hapo ni mdogo kuliko wa kubadilisha shokapu iliyopasuka. Msizimwagie maji shokapu zenye moto mkisimama, maana maji hupoza ganda la nje huku mafuta ya ndani yakibaki na joto, na tope huganda kwenye fimbo na kukwaruza sili. Toeni pia mizigo isiyo na kazi ndani ya gari, na vile vinavyobaki, yaani tairi la akiba, jeki na vifaa, vifungwe imara, chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Mengine kama filta ya hewa, bamba la kukinga sampu (bakuli la mafuta lililo chini ya injini) na mafuta mapya ya breki, fundi wenu bila shaka anayajua.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa barua. Ikiwa shokapu yoyote ina mafuta yanayotiririka nje, ikiwa kuna ufa kwenye bodi karibu na mauntini, ikiwa usukani unagonga au gari linavuta upande mmoja, lipelekeni kwa mtu mwenye uzoefu wa magari ya mbio alitazame kwenye jeki, na msiliendeshe kwa kasi hadi aseme. Suala la kama shokapu zenu ni halisi naye ataliona hapo, kwa kulinganisha namba na ubora wa kulehemu. Zungumzeni mapema na AAT, chama cha magari cha Tanzania ambacho ndicho mwanachama wa FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kuhusu leseni na ukaguzi. Gari lisilo na kizimba cha chuma, viti na mikanda yenye nembo ya FIA na ambayo muda wake haujaisha, pamoja na helmeti na kinga ya shingo, halifai kwa mbio hata kama shokapu zake ni za dhahabu. Mkinunua viti au mikanda iliyotumika, someni tarehe iliyoshonwa au kubandikwa juu yake kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu mdogo wako: maumivu ya misuli ya mgongo baada ya kukaa kwenye gari linalogota chini ni ya kutarajiwa, na aghalabu hupungua katika siku chache za mapumziko na mwendo mwepesi. Lakini yakishuka mguuni, akihisi ganzi, au yakiendelea kwa zaidi ya wiki mbili, amwone daktari kabla ya kurudi kwenye kiti. Na kama mguu unakosa nguvu, anahisi ganzi kati ya mapaja, au anashindwa kuzuia mkojo au choo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri asubuhi. Msoma ramani hapati onyo la kujikaza kama dereva anayeliona shimo, kwa kuwa macho yake yako kwenye daftari, kwa hiyo kiti chake kipimwe kwa mwili wake na mikanda yake ikazwe kiunoni kwanza, kisha mabegani.

Mtamaliza? Rudishieni gari urefu wake, fungeni shokapu zinazofaa, halafu tafuteni njia binafsi au siku ya mazoezi iliyopangwa, mkaliendeshe kwa mwendo wa mashindano kwa muda sawa na kipande kirefu kuliko vyote kilichoandikwa kwenye ratiba yenu. Likitoka pale bila kudunda, kebo tai haijagota na mistari ya rangi haijakatika, jiandikisheni. Likidunda tena, ahirisheni hadi mashindano yanayofuata, na mwaka huu mwende mkatazame kazi katika eneo la huduma ya magari, mkiulizia kila timu imeliweka gari lake juu kiasi gani.